Injini ya Mjomba

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama goti limempoa, na paka wa gereji amezaa ndani ya tairi bovu. Naandika habari za paka kwa sababu za gari naziona haya.

Ulipoliacha kwangu ukilalamika kwamba milima inalishinda, nilitaka kukufurahisha. Nikatoa injini yako ndogo, nikaweka kubwa, nikanyamaza. Ulipolijaribu ulicheka: “Kumbe ukoo una fundi!” Kichwa kikanivimba. Bima sikuwaarifu, wala wewe sikukwambia.

Baada ya gari kupata ajali, mkaguzi wa bima akakuta namba ya injini hailingani na ya kwenye kadi. Ukaapa mbele ya majirani kwamba injini ni ile ile uliyonunua nayo. Akakuita mwongo, mtu mzima na mvi zako, na bima wakakataa kulipa.

Ukanigeukia: “Fundi, si umwambie?” Nikasema sijui.

Jana nimewaandikia bima ukweli wote. Lakini pa kusema palikuwa pale pale, Mjomba. Ile tochi aliyosomea mkaguzi namba ya injini, nilikuwa nimemshikia mimi.

Mpwa wako, kama bado unanihesabu,
Fundi