Moteri "mupya" ya Shemasi Nahum

Béthanie, ikala chini kwanza. Ya leo imenimaliza.

Unajua mashini ya bwana yangu Nahum, ile ya kukata na kulainisha mbao? Moteri yake kadogo ilikuwa inachoka. Njo Nahum alitosha inje ile moteri kubwa yenye alifichaka kwa depo miaka yote, eti alinunuaka kwa Muzungu.

Aliita Pastera aiombee. AIOMBEE, Béthanie! Bantu ya kanisa banajaa, minyi na beignets yangu, maandazi ya kuuzisha.

Amen. Akawasha. Musumeno inazunguka kinyuma! Ubao ikaruka, ikapiga basini ya beignets. Nahum akajificha nyuma ya Pastera. Shemasi muzima! Eti "ni shetani".

Mama Tshibola njo alicheka. Ule mwenye balifukuzaka hapa mu 1993, yeye pamoya na baba yake, juu ni bantu ba Kasai, bakaacha vitu yao yote; akarudia mwaka jana. Akasema polepole tu: "Badilisha nyuzi mbili, Shemasi. Moteri ya kinu ya bunga ya papa yangu ilikuwa inafanyaka vile."

Ya kinu ya papa yake, njo alisema.

Akainama, akapangusa vumbi kwa chini ya moteri na kitambaa. Baliandikaka kwa chuma: NGALAMULUME, 1989. Jina ya baba yake!

Nahum akabadilisha nyuzi. Ikatembea muzuri saaana.

Mama Tshibola akasema: "Bien. Sasa muzime, mufungue. Ninaenda nayo."

Pastera anaangalia chini. Nahum ananiangalia minyi, anawaza nitamutetea.

Nikaenda kutafuta kle ya bulo ya kufungulia moteri, nikaiweka mu mukono ya Mama Tshibola.