Nyasi za Bi Mwanahija

Oscar, leo nimeumbuka, hata utani sina.

Zile nyasi bahari tulizong'oa kwenye kina kirefu, Bi Mwanahija na wenzake wavua pweza wakazipanda hapa maji yanapokupwa, zimekufa zote. Jua limezibabua. Za hapa hapa, pembeni yake, kijani kabisa.

Dokta wetu wa utafiti kafurahi! "Safi, kila mahali pana zake zinazohimili."

Bi Mwanahija akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mlijua zitakufa?"

Mlijua zitakufa. Oscar, jaribio lenyewe ndilo hilo: kuona za kina kirefu zikifa hapa juani. Na mimi ndiye niliyemwambia apande, pweza watarudi.

Nikasema, "Tulijua, mama."

"Basi kawaambie wenzangu wewe. Mimi ndiye niliyewaita."

Wanakuja kesho maji yakitoka.