Kasha la Sio Ubovu

Jumatatu, 5 Julai 1976

Baridi imenikaza vidole, lakini fomu zote za wiki nimezipanga kabla ya chai. Dereva anaandika ubovu. Fundi anaandika kwenye kadi yake alichobadilisha. Mimi nazifunga pamoja kwa pini, kisha kashani: Breki, Injini, Umeme, Sio Ubovu. Karakana nzima hapa Mbeya hakuna anayenifikia kwa kazi hii. Najisifu, na nina haki.

Sanga, karani mwenzangu, hupanga nakala zilezile peke yake, meza ya pili, halafu tunalinganisha. Amri ya Meneja. Leo tumepishana moja tu. Lori 47, dereva Mwambene: "Breki zinapotea mteremko mrefu." Aligeuzia Ilula, akakataa kushuka mlima Kitonga. Fundi wetu: "Limejaribiwa uwanjani asubuhi. Lori ni zima." Nimeweka Sio Ubovu. Sanga kaandika "sijui". Nimemcheka. Sijui si kasha.

Jumanne, 6 Julai

Nimesaini orodha. Mwambene sasa ana Sio Ubovu tatu, zote za lori 47. Sheria ya Meneja: tatu, unashuka kwenye usukani. Meneja anasema jamaa aligeuza ili awahi nyanya. Kweli alirudi na tenga zima la nyanya za Ilula. Karakana imecheka. Na mimi nimecheka.

Mchana Mwambene alikuja mlangoni, kofia mkononi. Mtu mzima, baba wa watoto sita. "Binti, Iringa wanajua. Hebu waulize." Nikamwambia alete karatasi. Akavaa kofia, akaondoka. Lori 47 kapewa dereva mgeni. Anaondoka Ijumaa saa sita na magunia ya mahindi, mpaka Dar.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Wenzangu wote uwanjani. Mimi niko nyumbani Ilomba, nafua, na kwa baridi hii hakikauki kitu.

Iringa wanajua. Maneno hayo hayanitoki. Kisha nikakumbuka kasha la chini ya meza: kadi za karakana yetu ya Iringa zisizo na fomu za kufunga nazo. Mafundi wa kule hawaandiki namba ya lori. Wanaandika jina la utani: Kipofu, Mzee wa Kazi, Bibi Harusi. Sisi Mbeya ni namba tu. Miezi nimelalamika kwamba Iringa ni wazembe, nikazisukumia kadi zao chini kwa mguu.

Nguo nimeziacha kwenye beseni. Ofisi imefungwa. Sina raha.

Alhamisi, 8 Julai

Nimefika wa kwanza. Kadi tatu za Bibi Harusi, mwandiko mmoja: "Mpira wa breki wa nyuma unavimba ukipata moto. Spea hakuna. Tumefunga waya." Kila moja tarehe yake siku moja kabla ya fomu ya Mwambene. Lakini je, Bibi Harusi ni 47?

Simu ya Iringa imenilia asubuhi yote. Mwisho nikampata karani wao, Mama Kikoti.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu Kihehe. " Bibi Harusi si lile 47, lenye pazia jeupe dirishani? Kwani ninyi huko mnaliitaje?"

 Fundi wetu hulijaribu asubuhi, limelala na baridi usiku kucha. Litakosaje kuwa zima? Na kesho mgeni wa watu anateremka nalo Kitonga.

Meneja yuko msibani, mtaa wa Soweto hapa mjini. Harudi leo. Naogopa.

Ijumaa, 9 Julai

Saa mbili kamili mlangoni kwa Meneja. Nimesema: nimekosea, saini ni yangu. Akawaka. Umesaini Jumanne, leo unafuta? Nikamwekea mezani fomu tatu na kadi tatu, zimefungwa kwa pini mbili mbili.  Sanga kaja kusimama pembeni yangu bila kuitwa. Sitamsahau.

Nikaomba lijaribiwe likiwa na mzigo, lishushwe Mlima Nyoka mara tatu mfululizo, lipate moto.  Meneja akamwita fundi.

Saa tano limerudi, linatambaa kwa gia ya kwanza. Mara ya tatu pedeli ilikwenda hadi chini. Mpira umevimba kama andazi. Fundi kaketi juu ya tairi. Mgeni amekwenda kuuangalia, akaushika, akatoka nje.

Safari imefutwa. Mwambene karudishiwa usukani. Sikulia, ila nilitaka. Kosa nililifanya mimi, na mimi ndiye niliyelifichua. Najisifu tena, safari hii kwa adabu.

Jumapili, 18 Julai

Mpira umepatikana kwenye lori bovu la nyuma ya karakana. Kibao cha Sio Ubovu nimekibandua. Kasha sasa linaitwa Sijui. Sanga amecheka mpaka machozi, nami nikamwacha acheke, ni zamu yake.

Kadi za Iringa ziko juu ya meza. Pembeni orodha ya majina yote ya utani, kila jina na namba yake.

Leo baada ya kanisa nimekuta tenga la nyanya mlangoni kwangu. Juu yake fomu. Dereva hujaza fomu gari likiwa bovu tu, lakini hii imejazwa: "Lori 47. Kitonga nimeshuka na mzigo. Breki zimeshika."

Sina kasha la fomu hiyo. Nimeikunja, nimeiweka humu.