Udongo wa Kasansa kwa Ajili ya Mwendapole

Scolastica Severini,
Shanwe,
Mpanda, Katavi.

9 Februari 2025

Mpendwa kaka Kassiani,

Shikamoo kaka. Habari za Mtwara, na habari za mwili? Mara ya mwisho ulisema mgongo unakusumbua kwa kushinda kwenye usukani. Je, umepata nafuu? Wifi Edina naye anaendeleaje, na watoto wameshaanza masomo? Huwa tunawataja kila tunapokaa kula.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ni nyingi mwaka huu na mahindi yamependeza. Baba anakula vizuri, presha imetulia, ila maneno yake yamekuwa machache tangu tulipomzika Mama. Hilo unalijua.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno, na Baba huwa amekaa karibu anasikia. Ninayotaka kukueleza yanahitaji utulivu, kwako na kwangu. Yameanza na kobe wa Mama.

Unakumbuka uliniambia nimpeleke Mwendapole kwa watu wa wanyamapori, kwa kuwa Mama aliyemwombea kibali hayupo na nyumba yangu ni ndogo. Nilikuwa nimekubaliana nawe. Lakini nilipomweleza Baba, alisema, "Mwache kwanza." Nilishangaa, kwa sababu wewe na mimi tumekua tukimwona Baba akimruka huyo kobe mlangoni kama anaruka kigogo.

Mvua zilipoanza, siafu walivamia uani, ikabidi tumwingize ndani, kwenye kile chumba cha kuwekea mahindi. Sakafu yake ni saruji tupu. Mwendapole akawa anateleza, miguu inatawanyika, na gamba la chini likaanza kuchubuka. Usiku kucha anakwangua pembeni, anatafuta pa kujichimbia na hapati.

Nikaenda kwa fundi seremala nikaomba maranda, nikamtandikia. Chumba kikanukia mbao mpya, nikajisifu. Muda si mrefu macho yake yakavimba, pua ikawa inatoa maji, na mchicha akaukataa. Baba akabeba kiti chake akakihamishia kwenye chumba hicho. Akawa anakaa humo asubuhi hadi jioni, anamtazama kobe. Kaka, mimi nilianza kuogopa. Nilijiuliza, huyu kobe akifa, Baba atabaki na nini cha kukitazama?

Nikamwita Yotham, daktari wa mifugo wa hapa mtaani. Alimgeuza, akamwangalia, akasema, "Ondoeni maranda yote. Vumbi lake na harufu ya mbao mbichi vinamuumiza. Huyu anataka udongo mkavu kidogo, uliochanganywa na mchanga, na majani makavu juu. Ajichimbie." Akatuachia dawa ya macho.

Kabla ya udongo nilijaribu pumba za mpunga, maana mashineni wanazitupa bure. Zilikuwa laini na kavu, lakini ziling'ang'ania kwenye mboga zake akawa anazimeza. Nikazizoa zote. Nikachimba udongo hapa uani, nikauchekecha kwa kipande cha wavu wa dirishani. Unajua nilichokipata? Misumari, vigae vya chupa, mifuko ya plastiki, na weusi wa oili kutoka gereji ya jirani. Baba alikuwa ananitazama. Akainuka, akachukua ule udongo kiganjani, akaunusa na kuutupa.

"Twende Kasansa," akasema. "Udongo wa pale jikoni kwa mama yenu ni msafi."

Hakuwa amekanyaga Kasansa, nyumbani kwetu, tangu nilipomchukua kuja kukaa nami baada ya arobaini ya Mama. Kila nilipomwambia twende tukaone nyumba, alisema barabara mbaya. Safari hii barabara ilikuwa mbaya kweli, na yeye ndiye aliyetangulia stendi, viroba vitupu vimekunjwa kwapani.

Nyumba ipo, kaka. Ukuta wa nyuma umelika na mvua, na bati mbili zimefunuka. Lakini Minza, yule jirani yetu Msukuma, amekuwa akifagia uwanja na kupalilia kaburini bila kuambiwa na mtu. Baba alisimama kaburini peke yake muda mrefu, mimi nikabaki na Minza. Aliporudi, alichukua jembe akaanza kuchimba kando ya jiko, pale Mama alipokuwa na bustani ya mchicha. Mimi nikawa nachekecha.

Akaniambia, "Mama yako alikuwa anafanya hivi kila mvua zikikaribia. Anakaanga udongo kwenye karai kuua wadudu, anaupoza, ndipo anamtandikia. Mimi nilikuwa namwambia, wenzako wanakaanga karanga." Akacheka. Halafu machozi yakamtoka, akaendelea kuchimba hivyo hivyo. Kaka, siku ya mazishi Baba hakulia. Mimi niliogopa kumtazama usoni, nikashika wavu wangu.

Tukiwa katika hali hiyo, akaingia bwana mmoja anaitwa Methusela, mfugaji wa huko Mpimbwe, na futi ya kupimia mkononi. Akatuamkia kwa heshima, akasema amekuja kupima kiwanja kama walivyoongea.

Baba akaegemea jembe. "Mlivyoongea na nani?"

"Na Kassiani, mzee. Aliniambia umeshakubali."

Sikujua niangalie wapi. Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Kijana wangu hakukudanganya kwa nia mbaya. Lakini mimi nilikubali kuondoka. Kuuza sikukubali."

Yule bwana naye ni muungwana. Alikunja futi yake, akaomba radhi, akasema hatanunua nyumba ambayo mwenyewe hajaitoa. Kisha akatusaidia kubeba viroba hadi barabarani.

Kaka, najua ulichokuwa unakitafuta. Ulitaka kwa fedha za kiwanja tumwongezee Baba chumba hapa kwangu ili asibanane nasi, na ulifikiri ukimwuliza utamtonesha. Mimi mwenyewe nisingekuwa na ujasiri wa kumwuliza. Sisi wote wawili tuliona kimya chake tukadhani ni ridhaa. Ndilo ninalolitafakari tangu tumerudi: mtu mzima anaweza kunyamaza kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Tulipofika Shanwe Baba hakuniruhusu nishike karai. Alikaanga udongo mwenyewe, akauacha upoe usiku mzima, akachanganya na mchanga wa mto, akanyunyiza maji kidogo hadi ukawa unashikana kiganjani bila kutoa tope. Juu akaweka majani makavu ya mpera na nyasi zilizoanikwa. Alipomweka Mwendapole, kobe alisimama, akanusa, kisha akaanza kuchimba kwa miguu ya mbele hadi akabaki mgongo tu. Baba akasema, "Amelala." Akatoka akaenda kuoga, na jioni ile alikaa nasi sebuleni.

Sasa macho ya Mwendapole yamefunguka na mchicha anaula. Baba anabadilisha majani yakilowa, anaokota kinyesi kila asubuhi, na majirani wamezoea kumwona akianika udongo kwenye turubai. Mtu akimwuliza, anaeleza kwa urefu, mpaka mwingine anaomba ruhusa aondoke.

Juzi aliniambia uamuzi wake. Mvua zikikatika anarudi Kasansa, pamoja na Mwendapole. Minza atampikia mchana, nami nitakuwa nakwenda mara kwa mara. Nilimweleza hofu zangu, kuhusu presha, na umbali wa hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atabeba dawa zake na simu ataiweka chaji. Nimekubali, ingawa moyo wangu haujatulia bado.

Nilimwuliza nikuandikie nini. Alifikiri sana, kisha akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie sijakasirika. Aje anisaidie ule ukuta na zile bati. Tukimaliza, nikiwa nimekaa kwangu, aniulize mwenyewe juu ya kiwanja. Nitamjibu."

Njoo, kaka. Hata kama ni kwa likizo fupi.

Wifi Edina nampa salamu nyingi, na watoto wote nawabusu. Minza anakusalimu, na Yotham pia, anasema mlisoma darasa moja. Mungu akulinde barabarani, akuponye mgongo, na atujalie nyie na sisi tuonane Kasansa sote tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,

Scolastica