Ukurasa wa Zamu Unaoganda Saa Nane

Jumatatu, 2 Juni

Nimefungua ukurasa wa zamu saa moja kasoro robo. Mama Namwinga, mwenye yadi ya malori, amenisomea nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Bila nambari hiyo ukurasa haufunguki. Ndiyo maana ukishafunguliwa hatuufungi mpaka jioni.

Baridi na upepo. Hadi saa sita nilikuwa nimeyaita malori thelathini na mawili kuelekea mpakani, kila moja kwa tangazo kamili kupitia kipaza sauti. Saa nane ukurasa ukaganda. Feni ya kompyuta ikaunguruma kama mashine ya kusaga. Ni mara ya nne tangu mwezi uliopita.

Nikazima, nikawasha. Mama Namwinga alikuwa shambani Nanyala na simu yake haikushika mtandao. Nambari ikafika baada ya dakika arobaini. Wapo madereva walionisema kwa Kinyiha wakidhani sielewi. Naelewa vizuri sana.

Jumanne, 3 Juni

Siku mbaya. Naiandika kwa utaratibu.

Zamu inakwenda kwa nyaraka. Wakala wa forodha akikamilisha nyaraka za lori, lori hilo hupanda kwenye orodha ya ukurasa wangu, nami huliita. Leo ukurasa uliganda saa nane na dakika tano bila kuonyesha dalili. Orodha ilionekana nzima, kumbe ilikuwa ya zamani. Nikaita malori matatu kwa kuifuata.

Wakati huo huo skrini ya kwenye kibanda cha chai, ambayo madereva huitazama, ilimtaja Bwana Mulenga kuwa wa kwanza. Bwana Mulenga ni Mzambia, mtu mpole. Kesho asubuhi alipaswa kuwa kwao Kasama, ng'ambo ya mpaka, kwenye kikao cha mahari ya binti yake. Hadi tunarekebisha, ameshakosa kuvuka. Binti atatolewa mahari baba hayupo. Kosa ni la meza yangu.

Kayuni, msemaji wa madereva, alikuja dirishani na wenzake. "Mzee, skrini inasema Mulenga, wewe unasema mwingine. Tumwamini nani?" Nyuma yake mtu akapaza sauti kwamba zamu zinauzwa.

Nimewaandikia watu wa Tunduma maombi na malalamiko kwa miaka kumi na minane. Elimu hiyo nimejipatia mwenyewe, kwa kusoma nakala za barua za wengine. Sijawahi kuuza hata nukta. Nimeumia.

Jumatano, 4 Juni

Mama Namwinga ametoa uamuzi. Jumatatu tarehe tisa kutakuwa na kikao cha madereva. Nisipoeleza kwa ushahidi kwa nini ukurasa unaganda, meza ataichukua Eliza, msaidizi wangu anayeshika zamu kila Alhamisi. Tena akasema wazi kwamba nikiondoka kwa sababu hiyo, mji mzima utajua sababu. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli.

Nimemwandikia Atupele, msanidi aliyetutengenezea ukurasa huu, binti wa Ileje anayefanya kazi Vwawa. Barua nimeianza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu, nami kwa moyo mzito nalazimika kukufikishia malalamiko yafuatayo."

Amejibu kwa mistari mitatu. "Shikamoo mzee. Hiyo ni memori inavuja. Ukurasa unashika vitu ambavyo hauvihitaji tena, mpaka kompyuta inajaa. Fungua meneja wa kazi wa kivinjari, uniandikie ile namba ya kumbukumbu, yaani memori, kila nusu saa."

Neno "kuvuja" siliafiki. Kinachovuja hupungua. Hiki kinarundika. Nimemweleza hivyo kwa maandishi.

Alhamisi, 5 Juni

Zamu ya Eliza. Nimekaa nyuma yake na daftari.

Saa moja, megabaiti 150. Saa nne, 189. Saa nane, 262. Saa kumi na moja, 301. Haukuganda.

Kayuni amepita dirishani. "Mnaona? Kwa Eliza mashine ina afya. Inaumwa ikimwona mzee." Madereva wakacheka, na Eliza pia, kisha akainamisha kichwa.

Namba za leo zinamuunga mkono. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeondoa kila kinachoweza kusingiziwa, kimoja kimoja, ili nijue kilichofanya kazi.

Kwanza nimefunga kichupo cha redio ya kwaya, ambacho nakiri hukiacha wazi. Namba ya kumbukumbu haikushuka. Kisha nimezima viendelezi vyote vya kivinjari, hata kile cha kusahihisha tahajia. Hakuna tofauti. Mwisho, saa moja kamili, nimeufungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, safi, bila chochote cha zamani. Nimelazimika kuomba nambari ya siri mara ya pili. Mama Namwinga amenisomea bila kunisalimu.

Saa moja, 151. Saa nne, 702. Saa sita, 1,340. Saa nane, 1,790. Ukaganda.

Safari hii nilikuwa macho. Namba ilipopita 1,500 niliacha kuamini orodha yangu, nikamtuma Eliza asimame mbele ya skrini ya kibanda cha chai na kunisomea majina. Hakuna aliyerukwa leo.

Aliporudi akasema neno moja la maana. Skrini ile inaonyesha ukurasa huu huu, na haijazimwa tangu wiki iliyopita. Nikaenda kuipima. Megabaiti 158.

Kwa hiyo si orodha inayojaza. Skrini ile husoma orodha mchana kutwa. Isichofanya ni kuita.

Jambo la pili nimeligundua baada ya kuupakia ukurasa upya. Kila tangazo ninalotoa hurekodiwa, ili dereva anayekana kuitwa asikilizishwe. Nilitaka kusikiliza la saa tatu. Halikuwepo. Matangazo yote ya asubuhi yalipotea pamoja na ukurasa uliofungwa. Maana yake yalikuwa yanaishi humo humo ndani.

Nimempigia Atupele simu. Sikuandika. Amesema kesho atanishika mkono kwa simu hatua kwa hatua.

Jumamosi, 7 Juni

Tumejua.

Nilifungua zana za wasanidi, sehemu ya kumbukumbu. Atupele aliniwekea lori la majaribio ambalo halipo duniani. Nikapiga picha ya kwanza, yaani orodha ya kila kitu ambacho ukurasa umekishika wakati huo. Nikaliita lori hilo mara kumi. Nikabonyeza kitufe chenye alama ya pipa la taka, ambacho hukilazimisha kivinjari kutupa kila kisichotumika. Namba haikushuka. Nikapiga picha ya pili, nikaita mara kumi tena, nikabonyeza pipa, nikapiga ya tatu.

Tukalinganisha. Kati ya picha na picha palikuwa na safu kumi za lori lile, ambazo zilikwisha kuondolewa kwenye skrini lakini bado zimeshikwa. Kumi, kisha ishirini. Tukafuata ni nini kinachozishika. Ni orodha moja iitwayo "matangazo". Ndani yake kila safu imefungamana na sauti, nzima, bila kubanwa.

"Mzee," akasema, "ni sauti yako."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao sasa unanichoma, kwa nini hakuzipeleka sauti hizo kwenye seva na kuuacha ukurasa mwepesi kama msanidi yeyote makini. Akanijibu kwa upole. "Angalia barua yako ya mwezi wa tatu, mzee."

Nakala zangu zote ninazo kwenye jalada. Nimeisoma nikiwa nimesimama. "Kila tangazo libaki ndani ya ukurasa, likiwa zima, lisipunguzwe ubora wala kuondolewa kwa sababu yoyote ile, ili dereva anayekana kuitwa asikilizishwe pale pale, hata mtandao ukiwa haupo." Alinionya kuwa ukurasa utakuwa mzito. Nilimjibu kwa kurasa mbili. Nilimwita mvivu wa utekelezaji. Yeye akatekeleza.

Kilibaki kitendawili cha Eliza. Nimechukua saa. Eliza akiita husema namba ya gari na "geti!" Sekunde nne. Mimi huanza na "Ndugu dereva mheshimiwa," hufikisha salamu za uongozi, hutaja usajili mara mbili, huomba radhi kwa usumbufu, huwaambia Wazambia "mukwai", neno lao la heshima, hushukuru, humtakia safari njema. Sekunde hamsini na mbili.

Kompyuta haikunichukia. Ilikuwa imebeba maneno yangu yote tangu asubuhi.

Jumapili, 8 Juni

Ibada. Sikusikia mahubiri.

Tangu jana kuna barua kichwani, kurasa tatu, yenye maneno ya kitaalamu, inayomtwisha Atupele mzigo wote. Kila sentensi ingekuwa karibu na ukweli. Hakuna dereva ambaye angeielewa na wote wangeiamini. Yeye yuko Vwawa, hayupo kikaoni.

Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga. Sikuichapa.

Jumatatu, 9 Juni

Kikao saa tatu, kibanda cha chai. Watu kama sitini. Mama Namwinga mbele, kitenge mabegani kwa baridi.

Nilikuwa na hotuba. Nikaiacha mfukoni. Nimesema kwamba sikuuza zamu, na kwamba ukurasa uligandishwa na agizo langu mwenyewe, na kwamba fundi alinikataza nikambishia. Mmoja akasema hayo ni maneno ya kompyuta, nani atayapima.

Nikaomba wayapime. Tulihamishia kompyuta yangu mbele yao, namba ya kumbukumbu ikionekana. Nikamwomba Kayuni aliite lori la majaribio apendavyo. Akashika kipaza sauti: "Oya, la majaribio, toka!" Namba ikapanda megabaiti mbili. Kisha nikaita mimi, kama niitavyo kila siku. Salamu za uongozi. Usajili mara mbili. Nikiwa kwenye kuomba radhi, vicheko vilianza nyuma. Nilipofika kwenye safari njema hata Mama Namwinga alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge. Namba ilipanda thelathini na tisa.

"Kumbe mzee anaijaza mashine heshima!" Kayuni akasema. Wakaanguka kwa kicheko.

Nilisimama nikachekwa. Si jambo jepesi kwa mtu wa aina yangu. Lakini walikuwa wanacheka, na mtu hachekwi hivyo akiwa mwizi.

Uamuzi: meza nabaki nayo. Mpaka Atupele arekebishe, natangaza kwa sekunde zisizozidi tano na ukurasa unapakiwa upya saa sita. Nambari ya siri itatumwa pia kwenye simu ya Eliza. Kuhusu Bwana Mulenga hawakuuliza. Alikuwa kwao.

Jumatano, 11 Juni

Atupele ameweka marekebisho. Sauti sasa hubanwa, hupelekwa seva, kisha ukurasa huiachia. Safu ikitoka kwenye skrini, hakuna kinachoishika tena. Matangazo yote ya leo yapo na yanasikilizika. Tumepiga zile picha tatu upya. Baada ya kubonyeza pipa, safu zilizobaki: sifuri.

Nimemwandikia barua ya kuomba radhi. Aya nne. Nikaifuta, nikapiga simu. Nilisema nilikosea kumwita vile. Akasema, "Haya mzee, yameisha. Ila ukiwa na agizo lingine, nipigie kwanza."

Alhamisi, 12 Juni

Eliza. Saa kumi na moja, 163.

Jumamosi, 14 Juni

Zamu yangu. Sekunde thelathini hivi kwa kila tangazo. Nimepunguza kwa hiari. Salamu za uongozi zimebaki. Saa nane, megabaiti 166. Hakuna aliyetazama saa isipokuwa mimi.

Saa tisa Bwana Mulenga ameingia na mzigo kutoka kwao. Nikatoka ofisini kumfuata kwenye lori lake. Nilikuwa nimeandaa maneno na yakanitoka. Nilisema tu nisamehe, ulikosa kikao kwa ajili yangu. Alikuwa anafunga kamba ya turubai. Akasema kaka yake alikaa mahali pake, na wakwe wameambiwa warudi mwezi ujao wamwone baba. "Cilifye bwino, batata." Hapa mpakani hayo hayahitaji mkalimani: ni sawa tu, baba. Hakunitazama alipoyasema, kisha akanitazama.

Nilipokuwa nafunga dirisha Kayuni akaja peke yake. Anaomba kuhamishiwa njia ya Dar es Salaam, na mwajiri wake anataka ombi la maandishi. Aliniomba nimwandikie.

"Iwe ndefu, mzee," akasema. "Ya karatasi haigandi."

Nimemwambia aketi. Nikamuuliza jina kamili, kama lilivyo kwenye leseni.