Moshi wa Mzee Cleophus

Memphis,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu yako bila kungoja gari la jirani. Mimi sijambo. Nakula vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, nalala. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu husikii vyema na unajibu maswali ambayo sijauliza. Tena mambo ya safari hii yanataka uyasome ukiwa umekaa.

Nilikwambia kwamba kila Jumamosi nafundisha sayansi vijana wetu wa hapa mtaani Orange Mound, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Ulicheka ukasema watafuata donati ninazowagawia, si sayansi. Ulisema kweli. Jamyra Tate, msichana wa miaka kumi na saba, alifuata donati, na siku ya kwanza alinitangazia kwamba sayansi ni mambo ya watu wengine. Yeye atauza mbavu za nguruwe jikoni kwa babu yake, basi.

Babu yake ni Mzee Cleophus, mwenye jiko la nyama pale kona. Siku hizi wamehamia watu wapya mtaani, wanaopenda nyama yake lakini hawautaki moshi wake. Wakapeleka malalamiko. Afisa wa jiji alikuja, mtu mpole tu, akamweleza mzee kwamba moshi ule usipopungua kabla ya kiangazi kwisha, jiko litafungwa. Jumamosi iliyofuata Jamyra alikuja darasani na donati hakuigusa.

Nikawauliza moshi ni nini. Wakanitazama kama nimerukwa na akili. Mwishowe Jamyra akasema ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Nikamuuliza, kwa hiyo?

"Kwa hiyo tuuchome tena," akasema.

Basi Jumamosi zetu zikahamia uani kwa mzee. Vijana walichomelea pipa la chuma juu ya bomba, ili moshi ukishatoka kwenye nyama upite katika moto wa pili, unaopulizwa hewa ya moto na feni. Kazi yangu ilikuwa kukagua hesabu zao na kuwazuia wasijiunguze. Jaribio la kwanza walifunga feni kinyumenyume. Moshi wote ukarudi chini, ukamkuta Mchungaji na suti yake nyeupe akisubiri chakula. Alijipangusa masizi usoni, akawauliza taratibu, Mungu ameshampa weusi wa kumtosha, wao wanamwongezea wa nini? Vijana walicheka mpaka wakakaa chini, naye akacheka nao.

Feni ilipogeuzwa, mtambo ukafanya kazi. Shida ikabaki kwa mzee mwenyewe: alihofia ladha. Jamyra alimweleza, akamchorea, akarudia kwamba moto wa pili unakuja baada ya nyama. Hakusadiki. Wakamfunga kitambaa machoni, wakampa kipande cha upishi wa zamani na cha upishi mpya. Alitafuna, sisi tumesimama kama tunangoja hukumu. Akasema vyote ni vyake, ila aliyepika hicho cha pili amezidisha chumvi. Chumvi alikuwa ametia mwenyewe. Akafungua kitambaa, akatazama juu, bomba halitoi kitu ila hewa inayotetemeka kwa joto.

"Moshi wangu umo ndani ya nyama," akasema. "Huo wa nje chukueni."

Afisa aliporudi aliuliza kwa nini leo jiko limezimwa. Akafunguliwa mfuniko, akaona moto na mbavu zimejaa. Habari zikaenea, na wenye majiko wa mitaa mingine wakaanza kuja kuuliza. Jamyra aliwajibu mikono kiunoni, akawatajia bei bila kupepesa. Ameomba nafasi ya uhandisi chuo kikuu, na wadogo wanaofuata donati anawaketisha mbele, karibu na ubao.

Sasa, Mama, lile la kusoma ukiwa umekaa. Siku moja tukikusanya vyombo, Jamyra aliniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, na wewe umetengeneza nini?" Nikaanza kumweleza viyoyozi vya kampuni iliyoniajiri, sehemu ninazochora mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hapana. Kitu chako."

Mama, nimeacha kazi. Sikufukuzwa, nimeacha. Najua ulivyosafisha nyumba za watu ili niipate, na najua unavyolitaja jina la kampuni ile kila ukipata nafasi. Tumekodi gereji nyuma ya jiko la mzee. Tunatengeneza mitambo ya kuchoma moshi, na wale vijana ni wamiliki pamoja nami, si vibarua wangu. Naogopa, sikufichi. Lakini asubuhi naamka kabla ya saa kuniamsha, kwa hamu ya kufika.

Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapa. Jamyra atakupokea kituo cha basi. Nisalimie kina mama wote wa kwaya, na uwaambie mwenyewe habari hizi kabla hawajazisikia kwingine. Mzee Cleophus naye anauliza kama mbavu unazipenda kavu au zenye mchuzi. Nimemwambia sikumbuki, akuulize mwenyewe.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Latrice