Naomba Unichagulie Bastola Kabla Sijafa

Mpendwa mshauri Bi Shadia,

Pokea salamu za mtu ambaye daktari amemwambia arudi nyumbani akapumzike, na kwa umri wangu wa miaka sabini na minne najua maana ya neno hilo likisemwa na daktari aliyekwisha kufunga faili. Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito miwili, kwa hiyo utanisamehe mwandiko, zamani ulikuwa mzuri, nilisoma shule nzuri na nikawa hakimu wa mahakama ya mwanzo hapa Mpanda mpaka nilipostaafu mwaka 1986. Naomba msaada wako, na naomba usichape jina langu.

Shida yangu ni bastola. Hapa Majengo ninakoishi watu wananiita Mzee Bastola, na jina hilo sikupewa bure, nililitafuta mwenyewe. Mwaka 1978 nilimfunga mtu mmoja kwa kosa la nyama ya porini, na alipokuwa anatolewa akanigeukia akasema, "Tutaonana nikitoka." Niliogopa, Bi Shadia, niliogopa kiasi kwamba nikaomba kibali cha kumiliki silaha, nikakipata, nikapanda treni kwenda Dar es Salaam, na mji mzima ulijua naenda kununua bastola kwa sababu mimi mwenyewe niliwatangazia. Nilitaka bastola moja inayofanya kazi mbili: Jumapili nilenge shabaha kama wale mabwana niliowaona kwenye majarida, na siku nyingine niivae ndani ya koti bila mtu kuiona.

Muuza silaha alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza akaweka mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito yenye mtutu mrefu, akasema hiyo ndiyo ya shabaha, inatulia mkononi na inatoboa karatasi hatua ishirini na tano, lakini ukiivaa ndani ya koti watu watadhani umebeba mwavuli. Ya pili ilikuwa fupi, inaenea kiganjani, akasema hiyo ndiyo ya kuficha, ila ukishavuka upana wa chumba usimwahidi mtu chochote. Nikamuuliza kama hakuna moja inayofaa kote kuwili. Akatabasamu kwa huruma.

"Mheshimiwa, inayolenga vizuri haifichiki, na inayofichika hailengi vizuri. Amua kwanza unamwogopa nani, karatasi au mtu."

Nikashindwa kuamua, basi akanipeleka kwenye uwanja wa kulengea nikazijaribu zote mbili. Kwa ile ndefu nilipiga risasi sita, na karatasi yangu ikabaki kama ilivyotoka kiwandani, lakini karatasi ya bwana aliyekuwa kulia kwangu ikapata tundu moja safi katikati, naye akanishukuru. Kwa ile fupi nilifumba macho yote mawili kabla ya kufyatua. Msimamizi wa uwanja akaichukua mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto mkasi, akasema, "Mheshimiwa, wewe nunua filimbi."

Sikununua filimbi wala bastola. Nilinunua ala tu, yaani ule mfuko wa ngozi unaovaliwa begani na kukaa chini ya kwapa, kwa sababu nilijua stesheni ya Mpanda watu watakuwa wananisubiri, na ni kweli walikuwepo, nikashuka nimevaa koti kwenye jua la saa nane, nikapita katikati yao nikiwa nimeuinua mkono wa kushoto kidogo kama mtu mwenye jipu. Walinipisha.

Ala tupu hulegea, kwa hiyo nilitafuta kitu cha uzito unaofaa. Nilijaribu chupa ya wino ikavuja, nikajaribu kufuli ikawa inagongagonga. Mwishowe nikachukua mashine ya kutoboa karatasi ya mahakama, ile ya chuma ya matundu mawili, ikakaa humo kana kwamba ilishonewa. Nimeibeba miaka kumi na minane. Nakiri kwamba hiyo ndiyo silaha pekee niliyowahi kutobolea karatasi.

Yule muuza silaha alinieleza kwamba silaha ya kuficha faida yake ni kuwa ipo na watu hawajui. Mimi nilifanya kinyume, watu wote walijua ipo, na haikuwapo, na ilifanya kazi vizuri kuliko nyingi zilizopo. Nyumba yangu haijavunjwa hata mara moja. Walevi wakiniona walikuwa wanashusha sauti. Yule wa nyama ya porini alipotoka gerezani alikuja mwenyewe na jogoo, akaniomba yaishe.

Kibaya zaidi nikawa mtaalamu. Telesphor, mfanyabiashara wa hapa hapa Majengo, alipopata kibali chake alikuja na kijitabu cha picha, akataka nimchagulie. Nikamchagulia. Nilimwambia asifuate uzuri wa picha, mpini ujaze kiganja chake, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujivuta, na kwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza achukue rivolva, ile yenye mzingo wa risasi sita, kwa sababu haina mambo mengi ya kukwama. Ushauri ulikuwa mzuri, niliusoma mahali, na leo Telesphor anaangusha makopo ya maziwa nyuma ya ghala lake Jumapili hadi Jumapili na kunisifu. Aliponialika tushindane nilimjibu kwamba mtu aliyehukumu binadamu hawezi kushuka akahukumu makopo. Jibu hilo lilizunguka mji mzima.

Sasa nifike kwenye kinachonikosesha usingizi. Katika ukoo wetu, matanga yakiisha, mrithi hukabidhiwa upinde wa marehemu mbele ya watu wote. Upinde wa baba yangu uliliwa na mchwa. Mwezi uliopita wazee wa ukoo walikaa chumbani kwangu, na mdogo wangu Kalisti akasema hakuna haja ya kuhangaika na upinde, bastola ipo, Gaudensi atakabidhiwa bastola. Walinigeukia niseme neno, nikakohoa, wakahesabu kwamba nimekubali.

Gaudensi ni mwanangu wa kwanza, analima mahindi kule Litapunga. Jirani yake ni Machibya, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, na ng'ombe hao wameingia kwenye mahindi mara mbili. Walikuwa wanagombana kwa maneno kama majirani wote. Lakini baada ya kikao kile mwanangu alikwenda kilabuni akamwambia Machibya mbele ya watu, "Mzee wangu akishafumba macho na ile kitu ikakaa hapa kwapani, ng'ombe wako watajifunza njia." Machibya hakupandisha sauti. Alisema, "Sawa kaka. Basi na mimi usinikute mikono mitupu."

Kalisti alinisimulia haya akicheka, na akaniambia pia kwamba Machibya ameazima gobore kwa shemeji yake na sasa anakwenda nalo machungani. Kalisti haoni ninachokiona. Siku matanga yangu yakiisha, mwanangu atakwenda kwenye shamba lile mkono ukiwa ndani ya koti, ameshika mashine ya kutobolea karatasi ambayo aibu itamzuia kuikiri, na mbele yake atakuwepo mtu mwenye bunduki ya kweli ambaye hatasubiri kuona kinachotoka.

Nimewaza njia moja. Telesphor anataka kununua nyingine, na rivolva yake yuko tayari kuniachia kimya kimya. Nikiiweka kwenye ala, basi nitakuwa nimekufa mkweli, na mwanangu hatakuwa mikono mitupu. Lakini ni ya mtutu mrefu, ya shabaha, na ala yangu ni ya fupi. Je, niichukue hiyo au nimtume Telesphor atafute fupi? Wewe una watu wengi wanaokuandikia, pengine wamo wanaojua. Njia nyingine ni kusema ukweli, na matanga yangu yageuke kichekesho, na mke wangu Pudensiana, ambaye hajui lolote na ameishi kwa heshima ya mke wa Mzee Bastola, afute machozi huku watu wanashika mbavu. Naomba unichagulie, na naomba ufanye haraka, maana sina hakika ya kuwepo siku jibu likichapwa.

Mzee wa Majengo,
Mpanda.

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nakupa pole ya ugonjwa, na baada ya pole hiyo nitakusema, kwa sababu inaelekea hapo Mpanda hakuna aliyethubutu kukusema kwa miaka kumi na minane.

Umeniuliza ndefu au fupi. Hakuna. Wewe ni hakimu, unajua kuliko mimi kwamba kibali cha silaha ni cha mtu na silaha yake, hakirithiwi matanga yakiisha kama jembe. Rivolva ya Telesphor ikiingia chini ya mto wako kimya kimya, wewe utatangulia mbele za Mungu, na Telesphor na mwanao watatangulia mahakamani, ile ile uliyokuwa unakalia kiti chake. Hebu angalia pia hicho unachokiita kufa mkweli. Sasa hivi yupo mtu mmoja tu mwenye bunduki kwenye shamba lile. Unataka wawe wawili, halafu unaniuliza habari za mtutu.

Katika barua yako nzima yule muuza silaha ndiye aliyekuuliza swali la maana, unamwogopa nani. Hukumjibu, na hata mimi hujanijibu. Yule mfungwa alikuja na jogoo, yameisha. Unaowaogopa leo ni watu watakaocheka kwenye matanga yako, ambapo wewe hutakuwepo kuwasikia. Gaudensi atakuwepo.

Umesema mke wako hajui lolote. Mzee wangu, mwanamke anayepiga pasi koti la mume wake miaka kumi na minane anajua kilicho kwapani, anajua uzito wake na anajua kinatoboa matundu mangapi. Kama alinyamaza, alikuwa anakustahi, na nadhani ni yeye anayestahili kuombwa radhi. Mwite leo umwambie. Usishangae akikusaidia kumalizia sentensi.

Baada ya hapo usimwite mwanao. Najua ndiye anayekuuma na ungependa kuanza naye, lakini sikiliza kwa makini. Ukimwambia Gaudensi kwanza, ataona aibu, na kwa maneno aliyotamba kilabuni hatafungua mdomo kwa yeyote. Machibya atabaki na gobore lake, akiamini alichoamini jana. Atakayeua hapa ni yule anayeogopa, na anayeogopa ni Machibya. Kwa hiyo mtume Pudensiana akamwite Machibya, aje mchana, akae kwenye kiti karibu na kitanda chako. Mwonyeshe. Usimhutubie. Mpe ile mashine aishike, umwambie hiki ndicho nilichokuwa nabeba, na mwanangu hajui. Mwombe arudishe gobore kwa shemeji yake. Ni mtu mzima mwenye ng'ombe na watoto, hajaazima bunduki kwa furaha. Akicheka, mwache acheke mpaka achoke. Huenda ukacheka naye, na itakuwa dawa nzuri kuliko ulizoandikiwa hospitali.

Akishakuahidi, ndipo umwite Gaudensi, Machibya akiwa bado amekaa pale pale. Mwanao atakasirika. Amelelewa kwa heshima ya kitu ambacho hakikuwapo, ana haki ya kukasirika. Mwambie suala la mahindi na ng'ombe walipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, na wewe ukiwa bado una sauti waandikie karatasi wote wawili waweke sahihi. Kazi hiyo uliifanya maisha yako yote na nasikia uliifanya vizuri, bila kufyatua kitu. Kalisti mwambie akuchongee upinde mpya.

Limebaki jambo ambalo hutalipenda. Nimejiuliza kwa nini mtu mwenye padri mtaa wa pili na mke chumba cha pili anaandika gazetini. Nadhani ulitaka gazeti likuungamie, tena likichelewa kidogo, ufe kwanza ndipo wasome. Mimi sifanyi kazi hiyo. Jina lako sikulichapa na ya wengine nimeyabadilisha, lakini Mpanda siwezi kuibadilisha, na mahakimu wastaafu wenye sifa ya bastola hapo Majengo ni wangapi? Gazeti hili likishuka stesheni, atakayelinunua wa kwanza atakujua kabla hajafika aya ya tatu, na kabla ya jioni habari itakuwa Litapunga, ikiwa imeongezwa chumvi, na wa mwisho kuipata vizuri atakuwa yule anayechunga na gobore.

Kwa hiyo sikusubiri gazeti. Anwani uliniandikia nyuma ya bahasha, na leo asubuhi nimekwenda posta mwenyewe nikakutumia telegramu, itakayokufikia siku tatu kabla ya treni. Nimeiandika kwa jina la Pudensiana, yule wa kweli, kwa sababu wewe ungeikoholea. Inasema: JIRANI KWANZA. MTOTO BAADAYE. GAZETI LIKO NJIANI.

Bi Shadia